Pembe Zilikuwa Nyingi Mno

Mghoi mwanangu,

Usicheke kwanza. Najua nina miaka kumi na tisa nawe una kumi na tano, na hakuna hesabu inayoweza kunifanya mama yako. Lakini ni Mama mwenyewe aliyeniagiza. Mlipokuwa mnatoka kwenda madukani Al Sadd kukutafutia koti la baridi, wewe ukiwa umeshatangulia kwenye ngazi bila kuniaga, alirudi ndani kana kwamba amesahau pochi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umemwambia nini mtoto?" Nikajifanya nafuta meza. Akasema, "Barua ya kumuaga ningeandika mimi, lakini wewe ndiye uliyemlea. Mwandikie. Mdomo wako naujua, hautafunguka."

Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya jikoni. Jua la Al Wukair, hapa pembeni mwa Doha, linaanza kulegea nje, begi lako liko mlangoni limefungwa, na kesho alfajiri unapanda ndege ya Kanada.

Nilichokuambia asubuhi nakiandika hapa ili tusijifanye hakikusemwa. Ulikuwa umekaa juu ya begi tupu, nguo zote umezirudisha kabatini. Ukasema, "Siendi."

"Mghoi, usianze."

"Siendi bila wewe. Utakaa na nani? Mama yuko kazini kila saa, na wewe aki huna hata rafiki mmoja. Utakuwa unaongea na friji."

Nikacheka kidogo, nikidhani tumemaliza. Lakini ukaendelea. "Kwani mimi ndiye nilianza mambo ya dinosaria? Si ni wewe? Hiyo kambi ya kuchimba ilikuwa yetu wawili. Nikienda peke yangu ni kama nimekuibia."

Ndipo nikasema, "Nenda, Mghoi. Nimechoka na wewe."

Ulisimama. Ulifungua kabati, ukatoa nguo moja moja, ukazikunja vizuri kuliko ulivyowahi kuzikunja maishani, ukafunga zipu. Hukulia. Nilipata nilichokuwa nakitaka, sasa unakwenda. Lakini unakwenda ukiamini umefukuzwa, na hilo siwezi kuliacha lipande ndege nawe.

Sitakuandikia habari za soksi mbili mbili, wala kunywa maji, wala kutunza pasipoti. Mama Mdogo atakupokea huko, naye ana maneno ya kutosha ya aina hiyo. Nataka kukuandikia habari ya kuchoka, kwa sababu katika yote niliyosema asubuhi, kuchoka ndiko kulikuwa kweli.

Unakumbuka tulivyofika hapa? Wewe ulikuwa na miaka saba, umevaa sweta la baridi ya Wundanyi katika joto lile, na hukukubali kulivua. Baba alikuwa ameshatuacha, Mama alikuwa ametangulia huku, na bibi alikuwa ametulea mpaka akashindwa. Siku ya tatu Mama alirudi kazini. Alinishika mabega mlangoni, akasema, "Wakesho, nikiwa kazini huyu ni wako." Alisema hivyo kama mtu anavyosema shika hapa nifunge kiatu. Sidhani alijua amesema nini. Hata mimi sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilifikiri ni jambo la jioni moja.

Ulikuwa unamlilia Mama kila siku kuanzia saa tisa mchana. Mimi sikuwa na la kukuambia, maana mimi pia nilikuwa namlilia, ila kimya kimya. Siku moja rafiki ya Mama alitupeleka kwenye duka kubwa ambako walikuwa wameweka dinosaria wa bandia wanaotikisa vichwa. Ulinyamaza mbele ya yule mwenye pembe, mwenye ngao kubwa shingoni kama sahani ya ugali. Uliniuliza, "Huyu anakula watu?" Nikasoma kibao, nikakuambia anakula majani. Uliniuliza, "Mbona ana pembe?" Nikakuambia, "Za kulinda watoto wake." Kibao hakikusema hivyo. Nilitunga. Kisha, kwa kuwa ulikuwa umenyamaza kwa mara ya kwanza tangu tufike, nikaongeza, "Mifupa yao iko ardhini. Tutachimba mmoja, mimi na wewe."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukulea, kwa ahadi niliyoitoa ili nipate utulivu. Tangu siku hiyo ulinidai. Kila shimo la ujenzi tulilopita uliniuliza, "Wakesho, hapa wapo?" Nikaanza kusoma maktabani ili nisikudanganye zaidi. Nikajifunza kwamba wenye pembe wako mbali, Kanada na upande ule, kwenye mabonde makavu. Nikajifunza kwamba watu hutembea wakitazama chini, wakiona vipande vya mfupa kwenye mteremko huvifuata kupanda juu mpaka ulipo mfupa wenyewe, halafu wanachimba kuuzunguka mpaka unabaki umesimama kama uyoga, wanaufunika, ndipo wanaupindua. Nilikusomea hayo ukiwa umelalia mkono wangu mpaka mkono ukafa ganzi. Sikuuondoa. Sijui kama hilo lilikuwa upendo au nilikuwa tu naogopa ungeamka uanze kulia tena.

Nimekosea mengi, Mghoi, na mengine huyajui kwa kuwa ulikuwa mdogo.

Ulipokuwa na miaka minane ulishikwa na homa mchana, Mama yuko kazini, simu yake iko kwenye kabati la wafanyakazi. Mwili wako ulikuwa unachoma. Nilijua kwamba mlango wa pili anakaa mama wa Kifilipino mwenye watoto, mtu mwenye tabasamu. Nilitoka nikasimama mbele ya mlango wake, nikanyanyua mkono. Sikugonga. Nilikuwa natengeneza sentensi kichwani: nianze na samahani, au nianze na jina langu? Akinijibu haraka nisipomwelewa? Nikarudi ndani. Nikakuwekea kitambaa cha maji. Nikatoka tena, nikasimama tena. Mara ya tatu uliinuka mwenyewe, umejifunga shuka, ukapita chini ya mkono wangu ulionyanyuliwa, ukaupiga mlango teke. Mama yule alipofungua, ulimwambia kwa Kiingereza chako cha darasa la pili kwamba wewe unaumwa na dada yako anaona haya.

Wewe hukulikumbuka hilo kesho yake. Mimi silisahau. Watu husema fulani ni mpole, fulani ana adabu, hana maneno mengi. Nami nilikuwa nafurahi kusifiwa hivyo. Siku ile nilijua kwamba haya yangu si adabu. Nilikuwa nimeweka hofu yangu mbele ya homa yako. Sikuambii uwe jasiri, kwa sababu wewe tayari ni jasiri kuliko mimi. Nakuambia tu kwamba nimeiona haya kwa ndani ilivyo, na inachosha. Mtu mwenye haya anafanya kazi mara mbili: anaifanya kichwani, halafu anashindwa kuifanya kwa mikono.

Nilipokuwa na miaka kumi na tatu nilijifunga kitambaa cha Mama kichwani ili nionekane mkubwa, nikaenda kwenye mkutano wa wazazi wa darasa lako. Mwalimu wako aliniangalia viatu, akaona ni vya shule, akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikasema yuko kazini. Akaniambia unaongea sana darasani. Nilirudi nyumbani nikakugombeza kwa jambo ambalo kwa kweli nililionea fahari. Sikujua mzazi anatakiwa afanye nini na habari ya namna hiyo. Niliona kwamba mzazi hugombeza, basi nikagombeza.

Sasa nikuandikie kuhusu ile Ijumaa, maana hatujawahi kuizungumza sawasawa.

Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Uncle Kato, yule Mganda dereva wa familia moja ya mtaa wa The Pearl anayesali na Mama, alikuwa na siku yake ya mapumziko. Alikubali kutupeleka kusini, kwenye yale majabali mafupi ambako Mwalimu Idris wa sayansi aliwahi kulionyesha darasa letu meno ya papa. Njia nzima alikuwa anatucheka.

"Nyinyi watoto wa Kenya, mmeacha maduka yote yenye baridi, mnakuja kulima mawe?"

"Uncle, tunatafuta pembe," ukamwambia.

"Pembe? Yesu wangu! Mkipata ya ndovu mimi simo. Mimi nina watoto Masaka."

"Si ya ndovu, Uncle. Ya dinosaria."

"Huyo naye ana polisi wake?"

Tulitembea tukitazama chini, kama vitabu vilivyosema. Wewe ndiye uliyeona. Ulipiga kelele mpaka Uncle Kato akashuka garini akidhani ni nyoka. Kwenye ukingo wa jiwe palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kimepinda, laini, kinene katikati na chembamba mwishoni. Nilikiangalia nikapiga magoti. Kilikuwa pembe. Kama mtu angeniuliza nichore pembe ya dinosaria, ningechora kile.

Halafu ukaona ya pili. Na ya tatu. Tukapangusa mchanga kwa burashi ya kupakia rangi, zikaendelea kutokea, zimelala sambamba, moja baada ya nyingine, zimezidi vidole vya mkono mmoja.

"Ni kundi!" ukasema. "Wakesho, walikufa pamoja! Si ulinisomea? Huwa wanakufa kundi zima!"

Ni kweli nilikuwa nimekusomea hivyo. Lakini nilikuwa nimezihesabu, Mghoi. Mnyama ana pembe tatu, na palipo na pembe pangekuwa na fuvu, na taya, na ile ngao ya shingo. Hapo hapakuwa na kitu ila pembe. Pembe zilikuwa nyingi mno. Nililijua hilo nikiwa nimepiga magoti pale pale, jua likinichoma mgongo. Sikusema. Ulikuwa umechafuka uso mzima, unacheka, unamwita Uncle Kato aje apige picha, na mimi nilifikiri: kwa nini nimwondolee hii? Nimpe walau siku moja.

Kisha ikaja ile ya plasta. Wiki nzima kabla ya safari Mama alikuwa ametufundisha mezani hapa hapa. Unajua kazi yake hospitalini ni chumba cha plasta, kufunga miguu na mikono iliyovunjika, na tulipomwambia kwamba wachimbaji wa dinosaria wanafunga mifupa kwa plasta vile vile, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nina kazi Kanada," akasema. Alinunua bandeji za plasta kwenye duka la dawa, akakulaza mguu juu ya kiti.

"Mgonjwa, tulia."

"Daktari, mguu wangu hauumi."

"Utauma ukiendelea kuucheza. Wakesho, angalia. Kwanza soksi. Kisha pamba. Usiruke. Plasta haigusi ngozi, hata mgonjwa akikuharakisha vipi. Na ulainishe kwa kiganja, usitumie vidole. Kidole kinaacha kishimo, kile kishimo kinageuka kidonda ndani na huoni."

Kule jangwani, badala ya soksi na pamba, ilitakiwa tuweke karatasi ya choo iliyoloweshwa maji, tabaka juu ya tabaka, ndipo plasta. Nilikuwa nayo. Niliiweka juu ya jiwe, upepo ukaichukua. Bado namwona Uncle Kato akikimbia nyuma yake, karatasi inafunguka mbele yake ndefu nyeupe kama mkia, naye anapiga kelele, "Simama! Simama wewe!" Ulicheka ukakaa mchangani. Mimi sikucheka. Nilikuwa na ndoo ya plasta inayoanza kuganda, na jua, na wewe hujala, na Uncle Kato alitakiwa arudishe gari. Nikaanza kuifunga ile pembe ya kwanza bila karatasi. Uliniuliza, "Hatusubiri?" Nikasema, "Khalas, basi, mfupa ni jiwe, hautasikia." Nikaikandamiza kwa nguvu ili ishike vizuri. Nilitaka ifike nyumbani salama kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Ilifika. Tukaifungua kwenye veranda kwa mkasi wa Mama, wewe umeshika ncha moja na mimi nyingine. Plasta ikatoka nzima, na ngozi yote ya mfupa ikatoka nayo, imeng'ang'ania ndani, ile ngozi laini ya kahawia uliyoipangusa kwa burashi siku nzima. Kilichobaki kilikuwa kijivu, kina mikwaruzo, kimepasuka mara mbili. Mama alikuja akasimama nyuma yetu.

"Mmeweka nini katikati?"

"Hatujaweka," nikasema.

"Hata mtu aliye hai angechunika."

Wewe hukunilaumu. Uliokota vipande vyote. Mimi nililala siku mbili nikisema kichwa kinaniuma.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi, na leo zaidi. Sipendi kuigeuza kuwa somo, nawe hupendi nikiwa mwalimu. Lakini naona ndivyo nilivyokushika miaka yote hii. Moja kwa moja, bila kitu katikati. Homa yako ilikuwa homa yangu, mtihani wako mtihani wangu. Sikujua kwamba kati ya mlezi na anayelelewa panatakiwa pawe na kitu chepesi, hata cha kipuuzi, cha kuwawezesha kuachana bila kuchunana. Leo asubuhi ulipokaa juu ya begi nikaona unanishika vile vile. Nikaogopa. Nikavuta kwa nguvu, na ngozi ikatoka.

Ulikipeleka kipande kimoja kwa Mwalimu Idris mwenyewe, mimi nimesimama mlangoni. Alikipima mkononi, akakigeuza polepole kama mtu asiyetaka kuharibu furaha. Mwisho akasema, "Binti yangu, hii ni nzito mno kuwa pembe. Ni ubavu. Ubavu wa nguva."

"Nguva?" ukasema. "Yule wa baharini?"

"Huyo. Pale mlipochimba palikuwa bahari. Mbavu zake ni nzito ili akae chini akila nyasi."

"Anakula nyasi? Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

"Ana pembe?"

"Hana."

Akatuambia pia kwamba hatukupaswa kuchimba, kwamba kitu kama kile kinaachwa mahali pake, anaitwa anayejua, na kwamba yeye angewaarifu wanaohusika. Alisema kwa upole lakini alisema. Ulilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwenye bakala, lile duka dogo la chini ya nyumba yetu, nilikununulia juisi, ukaikataa. Ulipofika mlangoni ukanigeukia. "Wewe ulijua."

"Nilijua nini?"

"Zilikuwa nyingi. Ulizihesabu, nilikuona midomo ikicheza."

Nilikwenda kupika.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la plasta. Plasta ilikuwa haraka na jua. Kunyamaza nilichagua mwenyewe. Ningesema pale pale, "Mghoi, mbona hakuna fuvu?" tungekaa chini tukafikiri pamoja, pengine tungejua ni mbavu, pengine tungeziacha zilale. Ungekuwa na mnyama mzima wa kustaajabia badala ya pembe zilizogeuka aibu. Nilidhani nakulinda, na kumbe nilikuwa nakuacha peke yako ndani ya jambo nililojua si kweli. Huko unakokwenda, ukiwa mdogo kuliko wote kwenye shimo na mkubwa wao amefurahi, na wewe umehesabu ukaona hesabu haikubali, sema. Sema vibaya, sema ukitetemeka, lakini sema wakati mfupa bado uko ardhini.

Cha ajabu ni kwamba hukuacha. Mimi niliacha. Wewe ulikasirikia nguva miezi miwili, halafu ukaanza kumpenda, halafu ukawaandikia watu wa Alberta, kule Kanada, wanaochimba wenye pembe wa kweli. Uliwaeleza habari yote, hata karatasi ya choo. Nilipoisoma barua yako niliona haya kwa niaba yako. Kumbe hilo ndilo lililowafurahisha. Ulipowaomba nafasi kwenye kambi yao, walikukumbuka: yule msichana wa Doha aliyekosea akaeleza alivyokosea. Mama Mdogo akasema anakaa mwendo wa saa mbili tu kutoka hapo, na kambi ikiisha atakutafutia shule ubaki.

Sasa nakuja kwenye kitu nilichokuficha, nacho ndicho kilichotufikisha kwenye maneno ya asubuhi. Ulipoleta tangazo la kambi nilikuambia, "Mimi mifupa imenitoka. Ni mambo yako." Uliniamini nusu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelisoma tangazo kabla hujalileta. Nililisoma lote mpaka mahali palipoandikwa kwamba ni la wanafunzi wa sekondari peke yao, na mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho wa sekondari wiki iliyotangulia. Nilikaa bafuni nikafungua maji ili usisikie. Nilitaka kwenda, Mghoi. Nilitaka kuona mteremko wenye vipande vya mfupa, na kuvifuata kupanda juu. Bado nataka. Uliposema leo kwamba ni kama umeniibia, uligusa mahali panapouma kweli, ndiyo maana nikakupiga kwa neno.

Lakini hujaniibia. Sikiliza vizuri. Mtu anaweza kuona wivu na bado akataka mwenzake aende. Nimekaa na vyote viwili tangu kambi ikukubali na havijaniua. Ungebaki kwa ajili yangu, hapo ndipo ningeibiwa, maana kila nilichokifanya tangu nikiwa na miaka kumi na moja kingegeuka sababu ya kukufungia ndani ya nyumba hii.

Na kuchoka kwenyewe nikueleze kulivyo. Nimechoka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka mbali akafika. Mabega yanauma, hataki kusemeshwa, lakini maji hayajamkosea. Nimechoka kulala sikio moja likiwa wazi. Nimechoka kuwa mama wa mtu nikiwa mimi mwenyewe bado naogopa kupokea simu. Jumapili naanza kazi ya mapokezi kwenye kile kituo cha meno, na kazi yote ni kupokea simu, kwa hiyo ucheke sasa. Sikuchoka na wewe. Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa neno pekee nililojua lingekufanya ufunge begi, na sikuwa na nguvu ya kutafuta lingine. Mzazi wa kweli angelitafuta. Mimi nilikuwa nimefika mwisho.

Usinipigie kila siku. Najua utataka. Pigia Mama. Mimi nipigie ukiwa na la kusimulia, au ukiwa umegombana na mtu na unajua wewe ndiye mwenye makosa. Usinisimulie habari njema tu ili nisione wivu, nitajua. Na usiwaambie watu huko kwamba ulilelewa na dada yako kwa sauti ile ya kuomba huruma, kama unavyofanya kwa walimu. Sema tu ulilelewa. Kazi ilifanyika, vibaya na vizuri.

Sijui mimi nitakuwa nani kuanzia kesho. Hilo linanitisha kuliko friji. Nimekuwa dada wa Mghoi muda mrefu kiasi kwamba watu wa jengo hili hawajui jina langu, wanajua lako. Pengine nitajua. Pengine nitalala tu wiki nzima. Hiyo ni juu yangu, usiibebe.

Nasikia lifti, na sauti yako unamwambia Mama kwamba koti hilo linakufanya uonekane kama godoro. Kumbe unaongea tayari, ila si nami.

Mama alifikiri nitaichomeka barua hii ndani ya begi uisome ukiwa juu ya mawingu. Nami ndivyo nilivyokuwa nimepanga, ingekuwa rahisi kwangu. Lakini ukiisoma huko hutaweza kunijibu, na jambo hili haliwezi kumalizika mimi peke yangu nikiwa nimesema. Nakupa mkononi sasa hivi. Isome hapa mezani, na koti lako ukiwa umelivaa. Mimi nitakaa hapa mbele yako, sitakwenda kupika. Ukimaliza, sema lolote. Nitukane ukitaka, nimestahili. Nitajibu kwa mdomo.

Aliyekulea,
Wakesho